Fransiska wa Nyumba ya Vioo

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, majirani kutoka Tumati na Bashay, na ndugu zetu wa Dongobesh mliofunga maduka kuja kumsindikiza, mimi naitwa Severine, mdogo wake Yoakimu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, Fransiska Hhando, nami naomba mnivumilie nikisimama kidogo hapa na pale.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 kijijini Tumati, mtoto wa tatu wa Mzee Hhando Qamara na Mama Efrazia, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapohapo Tumati kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na alipomaliza darasa la saba alirudi shambani kumsaidia mama yake, mpaka tarehe 3 Machi 1978 alipoajiriwa katika bustani ya mimea iliyoko katikati ya mji wetu wa Mbulu, ile yenye nyumba kubwa ya vioo iliyojengwa enzi za Mwingereza.

Wageni mliotoka mbali mtuwie radhi tukiizungumzia bustani hiyo kama mtu wa ukoo. Baridi ya Mbulu mnaijua, lakini ndani ya vioo vile kuna mkarafuu, mdalasini, vanila na mkakao, mimea ya nchi za joto ambayo ukiiacha nje wiki moja ya Julai imekufa, na kazi ya shemeji ilikuwa kumwagilia, kupogoa, kufungua madirisha ya juu jua likiwaka na kuyafunga likishuka, na kuwapokea watoto wa shule, ambao aliwapa kila mmoja kipande cha jani la mdalasini anuse, ingawa kibao cha mlangoni kilikataza kuchuma.

Ni humo alimokutana na kaka. Mwaka 1979 Yoakimu, fundi seremala, aliitwa kubadilisha fremu za milango zilizooza, kazi ya wiki mbili ambayo aliifanya kwa miezi miwili, nasi nyumbani tukajua kuna jambo. Walifunga ndoa takatifu mjini Mbulu Jumamosi tarehe 11 Oktoba 1980, wakapiga picha chini ya mkarafuu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gaudensia mwaka 1981 na Gidion mwaka 1984.

Tunaposoma habari za marehemu wetu huwa tunaruka mahali panapouma. Shemeji mwenyewe, akiwa kitandani, aliniambia, "Severine, usiiruke ile miaka minne. Watu wataona ndoa yetu ilikuwa rahisi, halafu vijana wakipata shida watadhani wamelaaniwa." Kwa hiyo naisoma, na kaka ameridhia.

Mwezi Januari 1990 kaka alipata kazi katika karakana ya samani Arusha, akataka familia nzima ihamie huko, shemeji akakataa, wakakosana, kaka akaondoka peke yake, na wazee wa ukoo wakanituma mimi nikazungumze na shemeji. Nilimkuta bustanini asubuhi, nikamwamkia, akaitika, na kabla sijaanza hotuba yangu akanikabidhi keni ya maji, nikamwagilia mpaka suruali ikalowa, na hatimaye niliposema kwamba mke humfuata mume, akanijibu kwa upole, "Shemeji, moyoni namfuata kila siku. Lakini nikiondoka leo, jioni nani atafunga madirisha? Mimea haijui kwamba nimeolewa." Nilirudi kwa wazee nikawapa maneno hayohayo. Kaka alituma matumizi lakini hakuja hata Krismasi, na Gaudensia anakumbuka kwamba kila Krismasi mama yao alimwandalia baba sahani yake mezani, kisha akaila mwenyewe.

Tarehe 2 Aprili 1994, Jumamosi Kuu, mvua ya mawe ilipiga mji wetu alasiri, ikavunja karibu paa lote la vioo, na shemeji alikutwa ndani akifunika miche kwa magunia na kwa khanga zake, mkono ukimtoka damu. Siku mbili zilizofuata wapo waliosema nyumba ile ibomolewe, kiwanja kijengwe vibanda vya biashara. Habari zilimfikia kaka kupitia dereva wa basi, naye Jumanne ya Pasaka akateremka stendi na sanduku lake la vifaa, akaja moja kwa moja bustanini, akachukua ngazi. Walitazamana, shemeji akamuuliza, "Umekula?" Kaka akasema, "Bado." Akamwambia, "Kula kwanza, ndipo upande." Kaka akala, akapanda.

Vioo vilikuwa havipatikani, lakini Mzee Nurdin wa Dongobesh, ambaye marehemu mama yake, mzaliwa wa Tanga, alizoea kuja kunusa ule mkarafuu uliomkumbusha kwao pwani, alileta vyote vilivyokuwa dukani kwake, wengine wakang'oa vya madirisha yao, ndiyo maana paa lile hadi leo lina vioo vya kila namna, hata vya bafuni. Vibanda havikujengwa, na kaka hakurudi Arusha.

Shemeji alistaafu Agosti 2017, akaendelea kwenda bustanini kama kawaida, hadi mwaka 2023 alipoanza kusumbuliwa na moyo kutanuka, na kuanzia Januari mwaka huu hakuweza tena kutembea. Hapo kaka, ambaye miaka yote hiyo hakujua jina la mmea zaidi ya mkarafuu, akawa anakwenda kila asubuhi kuitazama mimea na kurudi kumsimulia mkewe, akikosea majina, naye akimsahihisha, na tukaja kugundua anakosea makusudi, kwa sababu shemeji akimsahihisha sauti yake ilipata nguvu. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 19 Mei 2025 kaka alimwambia kwamba mdalasini umezaa maharage, shemeji akacheka, akamshika mkono, akasema, "Wewe mzee unanidanganya tangu Januari." Mchana huohuo, nyumbani kwake, akaaga dunia.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta kuni, mahindi na maziwa bila kuombwa, familia ya Mzee Nurdin, na wenzake wa bustani, ambao leo wamekuja kwa zamu, maana wanajua angewauliza nani amebaki na mimea.

Shemeji Fransiska, kaka tunaye, tutamtunza. Nenda ukapumzike kwa amani.