Mfalme Asiyepigwa Msasa

Waombolezaji wenzangu, nawe Nkem Fuatem, msimamizi wa kasri, uliyejikalia kiti cha mbele bila kualikwa, mimi Nkengla, binti mkubwa wa marehemu, nawasomea maisha ya baba yetu.

Mzee Asongkeng alizaliwa tarehe 9 Aprili 1946 katika bonde hili la Lebialem, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaiacha kwa kuwa mkono wake ulipenda tezo kuliko chaki, akafundishwa na babu kuchonga sanamu za wafalme wetu wa Bangwa, akamwoa mama yetu, Anjangwi, tarehe 3 Januari 1970, wakajaliwa watoto watano. Kazi yake kubwa ilikuwa sanamu ya Mfalme aliyetangulia, kiko mdomoni, kibuyu cha mvinyo mkononi, ikatunzwa msituni katika nyumba ya lefem, hifadhi takatifu ya sanamu za wafalme, ambayo ufunguo wake ni mmoja, na anao Nkem Fuatem.

Mwaka 2003 sanamu ikatoweka, naye Nkem, bila haya, akamwambia baba mbele ya watu, "Aliyeichonga ndiye anayejua kuibeba." Mwaka 2008 kasri ikatangaza imepatikana, baba akaitwa, akaipapasa mgongoni, akacheka.

"Mfalme wangu ana alama za tezo mwili mzima, sijawahi kumpiga msasa. Huyu, bwana mkubwa, amenyolewa."

Nkem akafoka, "Macho yako yameliwa na uzee, mwizi wee!"

Basi baba akaishi na jina hilo, akapigwa na kiharusi, akafariki nyumbani tarehe 22 Februari 2014. Na jana, maiti iko ndani, kasri imetuma watu: tukiri wizi kwanza, ndipo mrithi wake, ndugu yangu Njumeta, atambuliwe.

Hatukiri ng'o! Kaa chini, Nkem, bado nasoma. Njumeta tumempaka sisi wenyewe unga mwekundu wa kumtawaza mrithi asubuhi hii, na tezo la baba analo.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia magimbi, na wachongaji wenzake waliokuja ingawa walikatazwa. Jeneza hili kalichonga Njumeta, halikuguswa na msasa, kwa hiyo mnapoaga pitisheni viganja juu yake, kisha nendeni mkaipapase ile sanamu ya kasri.

Pumzika kwa amani, Baba. Kuna mtu hapa hatapumzika.