Methali ya Kireno Iliyonifungua Mdomo

Wapendwa, salamu zangu ni fupi, kwa sababu ulimi huu huchoka mapema na nina jambo la kuwaambia.

Wengi wenu mlinijua sokoni Tseikuru. Nilikuwa broka wa mbuzi. Sikuwa na shamba la maana wala duka. Mdomo ndio uliolisha nyumba yangu. Siku moja ya soko nilisimama kati ya muuzaji na mnunuzi, nimeshika beberu pembe, nikataka kusema, "Ongeza kidogo." Neno likakataa. Nikaona mnunuzi ananikazia macho, kisha mguu wa kulia ukaniacha. Nikaanguka palepale penye mavi ya mbuzi.

Kilikuwa kiharusi. Mguu ulirudi kidogo kidogo, lakini mdomo ulibaki umepinda. Daktari wa mazoezi aliniambia, "Mzee, ongea kila siku, hata kama ni vibaya." Nilijaribu. Nikiomba maji, walisikia kitu kingine. Mjukuu wangu akacheka. Ni mtoto tu, hakuwa na ubaya. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kicheko kile kiliniingia. Nikaamua kunyamaza. Nikitaka kitu, nilikionyesha kwa fimbo. Mke wangu akinikumbusha maneno ya daktari, niligeukia ukuta.

Wakati huo kijana wangu, anayechimba visima Msumbiji, akaleta mke kutoka huko. Akamwacha kwetu, akarudi kumaliza kazi. Msichana alijua Kireno na lugha ya kwao. Kikamba hakuna, Kiswahili cha kuokota. Basi tukawa na watu wawili bomani wasioongea. Na mnajua desturi yetu: baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai karibu. Yeye jikoni, mimi kwa kiti changu barazani.

Lakini kila mara nilimsikia akisema maneno yaleyale: *A esperança é a última que morre.* Kuni mbichi zikikataa kuwaka, anasema. Punda akirudi na mitungi mitupu, anasema. Mvua ilikuwa imetuhepa, kunde zimekauka. Anasimama kando ya shamba, anasema.

Nikaanza kujiuliza. Kwanza nilidhani ni maombi, lakini hakufunga macho. Nikadhani anatutukana, lakini hata kuku aliyekataa kuatamia aliambiwa hivyo hivyo, kwa upole. Nikadhani *Última* ni jina la dada yake. Nilimwonyesha mke wangu jikoni kwa fimbo, akaelewa nauliza maana ya maneno yale. Akasema, "Hata mimi sijui. Muulize mwenyewe." Nikatamani, nikanyamaza. Hamu ile ilinisumbua kama njaa.

Halafu simu ya kijana ikakosa kupatikana, siku baada ya siku. Asubuhi moja mkewe alipiga tena, akasikiliza, akaishusha simu. Akasema yale maneno, safari hii machozi yakimtoka. Sikuweza kuvumilia tena.

"U... nashema... ni?" nikamuuliza.

Akageuka. Hakucheka. "Pole pole, Baba. Rudia."

Ndugu zangu, hivyo ndivyo alivyowaambia watu wote tangu aje. Mwenye duka, jirani, hata mchungaji: pole pole, rudia. Kwake sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mtu mmoja zaidi anayeongea Kiswahili asichokielewa. Nikarudia. Mke wangu akatoka stoo na ungo mkononi, akaja kusikiliza.

"*Esperança*," msichana akaeleza, "ni kungoja. Kungoja na roho nzuri."

"Tumaini," mke wangu akamsaidia.

"Ndiyo. Vitu vyote kufa. Tumaini, mwisho kufa."

Mimi ni broka. Sipokei bei ya kwanza. Nikajikokota neno kwa neno hadi nikauliza, "Kwa hivyo, nalo hufa?"

Akafikiri. "Inakufa. Lakini wewe kwanza, Baba."

Kisha akaelewa amemwambia nini baba mkwe, akajifunika uso kwa leso. Nami nikacheka. Sauti ilitoka imepinda, mate yakanidondoka, nikaendelea kucheka tu.

Tangu hapo alinifundisha, yeye jikoni, mimi barazani, ukuta kati yetu, na desturi haikuvunjika. Kireno kilinifaa kwa sababu hapa hakuna aliyejua kinavyopaswa kusikika. Nikikosea, nani angenicheka? Nami nikamlipa kwa Kikamba: mbuzi ni *mbui*, maji ni *kiw'u*. Ulimi ukazoea kazi, na Kiswahili kikaufuata.

Kijana alipatikana. Alikuwa mzima, kazi ilimpeleka porini kusiko na netiweki. Mvua ya msimu ule haikuja, siwadanganyi. Na ubroka sijaurudia, soko halina subira nami. Nafuga mbuzi wachache, nawauza mwenyewe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyekataa kuniulizia, na daktari, na ninyi wenzangu wa kiharusi mnaokutana hapa. Yule msichana yuko nyumbani na mtoto. Shukrani zake nilimpa kupitia ukuta.

Mimi sikuponywa na ushujaa. Nilitaka tu kujua kitu, na kutaka kule kukawa kukubwa kuliko aibu. Mama uliyeketi karibu na mlango, umekuja leo mara ya kwanza, na tangu nianze unaniangalia kama mtu mwenye swali. Sasa nakaa chini. Uliza, hata likitoka vipande vipande.