Miwani ya Hinda Isiyovunjika

Nyuma ya soko la mifugo la Garissa kuna ubao wa lori uliolazwa juu ya rimu mbili kuukuu, na juu ya ubao huo hukaa wanaume watatu wanaojua kila kitu na mmoja anayewasikiliza. Watu wanapaita Kijiwe cha Rimu. Kahawa ya tangawizi inamiminwa na Kinsi, mama mwenye birika na ulimi, chini ya kipande cha mabati kinachochoma utosi kuliko jua lenyewe. Kinsi amesema mara nyingi kwamba laiti angekuwa anauza uongo anaousikia pale badala ya kahawa, sasa hivi angekuwa na ghorofa.

Anayewasikiliza ni Liban, muuza betri za sola. Duka lake liko hatua kumi kutoka kijiweni, na kwa kawaida halina mtu ndani, kwa sababu mwenyewe yuko kwenye ubao. Kwa siku tisa sasa kijiwe kilikuwa na ajenda moja tu, na ajenda hiyo ilikuwa ya Liban: miwani ya binti yake Hinda.

Hinda ana miaka sita na nusu, maswali mengi na macho mabovu. Daktari alisema macho yote mawili hayaoni mbali, na la kushoto ni vivu zaidi. Miwani ndiyo italifundisha kazi, alisema, na mtoto aivae tangu anapoamka hadi anapolala, kabla hajafika miaka minane, kwa maana jicho la mtoto likishazoea kulala ni vigumu mno kuliamsha. Kila siku bila miwani ni hasara kwa jicho lile. Liban alimsikia vizuri sana. Alikuwa analijua hilo hata alipokuwa akiagiza kikombe cha pili.

Kijiweni alikuwa amewaambia kwamba mtoto ameivunja. Mkewe, Nimo, naye aliambiwa hivyo hivyo. Uongo mtupu. Siku ya Jumatano yeye mwenyewe aliivua miwani usoni mwa mtoto ili aifute mchanga kwa pindo la shuka yake, akaitupa juu ya godoro, akala wali wake akashiba, kisha akaikalia. Mkono mmoja ukakatika. Nimo alipoingia, Liban akasema, “Mtoto wako ameiacha ovyo.” Hinda alikuwa pale pale. Hakusema neno. Ukimya ule ulimwasha Liban kuliko upele, na dawa aliyoiona yeye ilikuwa kukaa kijiweni kutafuta miwani isiyovunjika, ili lawama ibebwe na miwani.

Tena miwani yenyewe ilichaguliwa na kijiwe. Mwezi uliopita Liban alikwenda dukani akifuatana na Dekow, dalali wa mifugo ambaye hajawahi kuona kitu kikiuzwa bila kukishika mbavu. Binti wa duka la miwani, Ramla, aliwatolea miwani ya mpira, nyepesi, haina hata skrubu moja, ina ukanda wa kushika nyuma ya kichwa na vioo vya plastiki ngumu. Akawaambia hiyo mtoto hata akiilalia haina neno. Dekow akaikunja, ikakunjika, akaiachia, ikarudi. Hapo ndipo alipoidharau kabisa. Akasema kitu kinachokunjika hakina mfupa, na wepesi ule ni wa mbuzi wa ukame. Akapima nyingine mkononi moja baada ya nyingine, macho kayafumba, mpaka akapata ya chuma yenye vioo vizito vya kioo halisi, miwani ya babu wa mtu. Wakatoka nayo wakijiona wajanja. Ramla aliwafuata mpaka mlangoni akimwambia Liban asiifute ikiwa kavu, kwa sababu mchanga wa huku unakwaruza kioo, aioshe kwanza kwa maji na sabuni, mtoto aivue kwa mikono miwili, na ikivuliwa ikae kwenye kasha lake. Liban akaitikia yote. Kasha lile sasa liko dukani kwake, limejaa fyuzi.

Basi miwani ilipovunjika, Ramla angeweza kuirudishia mkono kabla kikombe hakijapoa. Kijiwe kikakataa. Wakasema kurudi kule ni kukubali kudanganywa mara mbili. Alio, fundi wa kuchomelea mageti, akajitolea kuunda fremu ya kutia vioo vile vile, kwa spoki za pikipiki na kamba ya mpira wa tyubu. Siku ya nne wakaipiga ukutani, ikapona. Siku ya sita wakaiweka njiani, mkokoteni wa maji ukapita juu na punda wake na mapipa yake, fremu haikutikisika. Kioo cha kushoto ndicho kilichopata ufa, lakini Alio alisema kioo si kazi yake. Siku ya nane Dekow akasugua kioo cha kulia kwa mchanga ili kiwe safi, kama anayesugua sufuria. Kwa hiyo siku ya tisa Liban alikuwa na fremu ambayo ingemzika yeye na wajukuu wake, na vioo viwili ambavyo huwezi kuona chochote ndani yake.

Mchana huo Dekow aliivaa, akageuza shingo huku na huku.

— Mimi nasema macho ya huyu mtoto haina shida, alisema. Shida ni sisi kupenda vitu ya duka. Wewe umewahi kuona ngamia na miwani?

— Ngamia hana mtihani wa kusoma, alijibu Kinsi akimimina.

— Na anaona mbali kuliko profesa.

Morris akakohoa. Huyu ni karani aliyeletwa Garissa kutoka mbali miaka kumi na sita iliyopita kwa kazi ya miezi mitatu, na wanamwita Takwimu kwa sababu hakosi asilimia ingawa hajawahi kuonekana na karatasi. Alieleza kwamba tatizo ni uso. Kwa takwimu zake, uso wa mtoto wa umri ule hukua milimita mbili kila usiku, na fremu inavunjwa kutoka ndani.

— Milimita mbili kila usiku, alisema Kinsi. Mwaka ukiisha Hinda atakuwa na uso wa mlango.

— Nasema kwa wastani, alijitetea Morris.

Alio hakutaka kuachwa nyuma. Akasema amelala akiwaza, na jibu ni helmeti. Achukue helmeti ya pikipiki, akate pale mbele, achomelee miwani humo humo, mtoto avae kitu kimoja. Hata akianguka kutoka juu ya tangi la maji, miwani iko salama. Kinsi akauliza shingo ya mtoto itakuwaje. Alio akafikiri, akasema shingo itapata nguvu.

Liban alicheka na wenzake, lakini kicheko hakikufika tumboni. Kila alipokitazama kile chuma usoni mwa Dekow alimwona mtoto amekaa kimya pembeni mwa godoro.

— Lakini tuseme ukweli, alisema Dekow akiivua. Tangu hiyo miwani iharibike, Hinda imepata adabu. Zamani alikuwa anapita huko barabarani, anapiga kelele “Aabo” kwa baba yake, mkono juu, huyo ameenda. Siku hizi anakuja mpaka hapa. Anasalimia kila mzee, mmoja mmoja, anakuangalia usoni vizuri, ndiyo anaenda kwa baba yake. Miwani ilikuwa inampa kiburi, wallahi.

Hilo wote walilikubali. Hata Kinsi hakulipinga. Na Liban, Mungu amsamehe, alijiona amelea. Siku tatu mfululizo alikuwa amemtazama binti yake akiinama mbele ya kila mtu kwenye ubao, uso karibu na uso, akajisemea kwamba walau kitu kimoja kimeenda sawa.

Ndipo akaja Wanji. Alikuwa mgeni kabisa, ameletwa ofisi ya maji wiki ile ile, na alikuwa amevaa miwani minene iliyofungwa uzi mweusi shingoni. Akaomba kahawa, akaambiwa akae, akakaa mwisho wa ubao pembeni ya Liban. Akakiona kile chuma.

— Hii ni ya pikipiki gani? aliuliza.

Alio aliumia kidogo. Wakamweleza kwa pamoja, kila mtu akidai sehemu yake: mkokoteni, ukuta, mchanga, spoki. Morris akataja asilimia ya uimara. Wanji akakipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito, akakiinua kwenye mwanga akachungulia kupitia ule ufa. Hakucheka.

— Mtoto mwenyewe yuko wapi saa hii?

— Shule, alisema Liban.

— Ako na ingine?

— Hapana. Ni hiyo tu.

— Na mmekaa na hii siku ngapi?

— Tisa.

Wanji akaweka kikombe chini.

— Sasa siku hizo zote anaona na nini?

Dekow akaangalia ndani ya kikombe chake kama aliyeangusha kitu humo. Alio akaanza kuchokonoa masizi kwenye kucha. Morris akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aje Garissa hakuwa na namba. Mbuzi mmoja sokoni akalia, na wote wanne wakageuka kumtazama kwa shukrani.

Wanji naye hakuwa mtu wa kuhubiri. Aliivua miwani yake akajifuta jasho puani, akawatazama akikunja macho, akasema kwa utani tu kwamba hapo alipo, wao wote ni mashati. Sauti anazisikia, lakini nani ni nani hajui mpaka asogee.

— Nilikuwa nafanya hivyo nikiwa mdogo, alisema. Naenda hadi kwa uso ya mtu ndiyo nimjue.

Kinsi aliacha kumimina.

Liban akakitua kikombe chake kwenye ubao. Hinda alikuwa anakuja. Alitokea kwenye kona na begi lake mgongoni, akipita karibu karibu na ukuta, mkono mmoja ukiugusa ukuta. Liban alikuwa ameuona mkono ule kila siku akadhani ni mchezo wa mtoto. Akafika kwenye ubao, akaanzia mwanzo kama kawaida yake.

Akasimama mbele ya Dekow, akainama, akamtazama usoni, akamwita adeer, yaani ami, kama anavyowaita wazee wote. “Assalamu alaikum, adeer Dekow.” Akapiga hatua. Akainama kwa Alio. “Assalamu alaikum, adeer Alio.” Akapiga hatua nyingine kwa Morris.

Haikuwa adabu. Alikuwa anamtafuta babake.

— Hinda, alisema Liban. Mimi niko huku.

Mtoto akageukia sauti, akatabasamu, akamkosa kidogo, tabasamu likamwangukia Wanji. Liban akainuka, akaenda akachuchumaa mbele yake, karibu, mpaka akaona macho yake yakitulia yalipompata. Aliona haya, na haya ile hakuificha. Wazee wa kijiwe chote walikuwa wanasikia, na aliwaacha wasikie.

— Aabo ndiye aliyeikalia miwani yako. Si wewe. Nilisema uongo kwa mama.

— Najua, alisema Hinda. Nilisikia ikisema krr.

— Mbona hukusema?

Hinda aliupandisha mkanda wa begi begani.

— Ulikuwa umeshasema wewe.

Kinsi alifuta macho kwa ncha ya ushungi wake akasingizia moshi wa jiko, na jiko lenyewe lilikuwa limezimika. Hinda akakiona kile chuma mapajani mwa Wanji, akakishika, akakipapasa kotekote, akakileta karibu na pua.

— Huu ni mtego wa panya?

— Ni wa adeer Alio, alisema Liban. Mrudishie.

Alio akaupokea bila kutetea kazi yake. Liban akaingia dukani, akamwaga fyuzi zote mezani, akatoka na kasha tupu mfukoni. Hakufunga mlango. Akamshika Hinda mkono, akamwambia wanakwenda kwa Ramla kuchukua ile ya mpira, inayokunjika, na leo jioni mama ataambiwa ukweli, na ataambiwa na baba.

Walikuwa wamefika barabarani waliposikia viatu nyuma yao. Dekow alikuwa ameinuka, ameshatengeneza kofia, anakuja mbio mbio na fimbo yake ya udalali.

— Ngojeni twende wote, alisema. Mimi ndiye najua kushika.

Liban hakugeuka sana. Alimwinua Hinda akamweka begani.

— Wewe kaa, alimwambia.

Dekow akarudi, akakaa, akakuta Kinsi ameshapindua vikombe vyote na kufunga kijiwe.