Kifuani Mwangu Hamkuwa na Pepo

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Kwanza mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na kusimama mbele ya kanisa naogopa, ndiyo maana naandika.

Mimi ni binti wa hapa Boko, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Tangu shuleni nilikuwa na kifua bapa, wenzangu wakiniita Ubao. Dada yangu Rehema anauza magauni kwa picha za kwenye simu. Akanipeleka kwa daktari nikawekewa matiti ya bandia ya silikoni, ili niwe namvalia magauni apige picha. Ukubwa alichagua yeye. "Chukua makubwa, mdogo wangu. Gauni linataka kujaa!"

Ndugu zangu, magauni yalijaa, mimi nikaisha! Mgongo uliwaka moto. Titi la kushoto likakakamaa, hata kulala ubavu siwezi. Wimbo ukipanda juu, pumzi inakata. Sare ya kwaya ikawa haifungi, nikawa najifunika khanga juani.

Akina mama wa maombi waliponiuliza, niliona haya kutaja matiti kanisani. Nikasema tu, "Kuna kitu kinanibana kifuani." Loo! Wakajua ni pepo. Wakanizunguka wakikemea, "Toka! Mwachie binti wa watu!" Nikafunga nao, nikaitikia amina, kitu hakitoki. Kingetokaje, nacho kimeshonewa ndani?

Ijumaa moja Mama Sara, kiongozi wa kwaya yetu, aliniwekea mkono kifuani akiomba. Nikaruka kwa maumivu. Akanivuta chumba cha kubadilishia sare.

"Pepo gani huyu, ukimgusa anauma? Niambie mie, mwanangu."

Nikalia, nikamweleza yote. Akashika kiuno. "Yaani tumekauka makoo tunakemea silikoni!" Tukacheka mpaka machozi. Kisha akasema, "Mungu amesikia. Kesho twende kwa daktari, na huko useme panapouma."

Dada Rehema naye alikuja. Daktari alisema yale ni makubwa mno kwa mwili wangu, na la kushoto limezungukwa na kovu gumu. Lazima yatoke. Akauliza kama nataka kubaki bila kitu au kuwekewa madogo. Dada akafungua mdomo, Mama Sara akamtazama, akaufunga. Nikajibu mwenyewe, "Madogo. Yanayonitosha mimi."

Ndugu zangu, vidonda vilipopona nilivuta pumzi ikashuka mpaka tumboni! Haleluya! Dada alinishika mkono akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Magauni tutayabana." Sasa nalala nitakavyo, nainama kufua, naimba mpaka mwisho wa ubeti.

Wewe unayeumia na kuficha kwa aibu, mtumaini Mungu, halafu umtafute mtu mmoja umwambie panapouma. Ukishindwa kusema, niandikie kama nilivyoandika mimi. Acha barua kwenye kapu la mlangoni kanisani. Nitamjibu kila mmoja, ila mnivumilie, mkono wangu ni mzito.