Nyumba ya Dirisha Moja

Fundi wa mapazia alianza kusema Jumatano saa nane na nusu mchana, robo saa baada ya daktari kuwaambia wanawe wawili kwamba hana dawa nyingine ya kumpa mama yao. Binti mkubwa alishika glasi ya maji. Mdogo wake wa kiume alikaa upande wa miguu ya kitanda.

"Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu leo haifiki mbali. Cherehani ni yako, binti yangu, pamoja na mkasi, na ole wako uukatie karatasi, nitakutokea usingizini. Duka ni lako, mwanangu, ingawa kifungo hujui kushona. Dada yako atafanyia kazi humo na wewe hutamdai kodi. Hayo ni mepesi, nimeanza nayo makusudi.

"Sasa ile nyumba. Mmekua mkisikia mama yenu ana nyumba ya kupangisha kwenye mji wa mbali, nyumba ya madirisha manne, na mimi ndiye niliyeisema hivyo kwa kila mteja aliyekuja kupima pazia. Niliinunua kwa picha za simu. Safari ilikuwa ya siku mbili kwenda na mbili kurudi, na msimu wa sare za shule ulikuwa umefika, nikaona siwezi kufunga duka, nikamtuma mjomba wenu akaiangalie kwa niaba yangu, kwa sababu ni mwashi na ukuta hauwezi kumdanganya. Alirudi na vumbi la basi usoni, hakukaa hata kitini, akaniambia: 'Dada, usinunue. Niliyoonyeshwa ina dirisha moja, na ukuta wa nyuma unanyonya maji.' Nikampigia dalali. Dalali akacheka, akasema, 'Mama, kaka yako aliniomba chake nikamnyima, ndiyo maana anakuharibia.' Picha zilikuwa na madirisha manne, nilikuwa nimeyahesabu mwenyewe. Nikamwamini dalali.

"Mnakumbuka ile Jumapili hapa sebuleni, jamaa wote wapo? Nilimwita mdogo wangu mwenyewe mla rushwa. Nilisema ana kijicho kwa kuwa yeye hujenga nyumba za watu na bado anapanga. Hakunijibu kwa hasira. Alivaa viatu vyake pale mlangoni, akafunga kamba taratibu, akasema, 'Dada, siku ukijua, nipigie simu.' Hiyo ni miaka kumi na miwili.

"Nilijua mwezi uliofuata. Nilishona mapazia manane, mawili kwa kila dirisha, kitambaa kizito, kile kizuri kuliko vyote dukani, nikayatuma kwa basi. Yule mwalimu, mpangaji wangu, akapiga simu kunishukuru. Akaniuliza, 'Mama mwenye nyumba, haya sita niyatundike wapi? Ukutani?' Alikuwa anatania. Dalali alikuwa amepiga picha nyumba ya jirani. Nilimwambia mwalimu nimekosea hesabu, arudishe yaliyobaki. Yamo kwenye sanduku chini ya kitanda hiki, na chini yake ndipo ilipo hati ya nyumba.

"Mara ngapi mmeniuliza, mama, mbona huendi kuiona nyumba yako? Nikawa na mguu, nikawa na wateja, nikawa na mvua. Sikwenda kwa sababu ningeiona, ingenibidi nipige ile simu. Mke wa mjomba wenu alipofariki niliwazuia msiende. Niliwaambia kwamba mwizi hapewi pole. Mwizi hakuwepo, wanangu. Mlimkosa mjomba kwa ajili ya kiburi changu, naye alizika mke bila hata mmoja wetu pembeni yake.

"Kwa hiyo fanyeni hivi. Nyumba msiiuze. Mpelekeni mjomba wenu, akisema ukuta uvunjwe, uvunjwe, yeye ndiye aujenge, na alipwe kama fundi yeyote. Mwalimu msimtoe. Amelala na unyevu miaka yote hii, kwa sababu kila alipolalamika nilimwambia nyumba zote zina unyevu. Kisha waiteni jamaa wote waliokuwepo ile Jumapili, hapa hapa, mseme mama alisema uongo, dirisha ni moja. Msilipambe.

"Nipe maji... Kidogo. Basi.

"Sasa pigeni simu. Nambari yake ninayo kichwani, mbili za mwisho ni saba na saba... pigeni, nimwambie mwenyewe. Mungu awalinde, wanangu. Msinuniane. Mkinuniana, mmoja apige... Inaita?"

Iliita. Aliyepokea ni mwashi mwenzake mjomba, akasema mzee yuko juu ya jengo, ghorofa ya tatu, simu ameiacha chini kwenye koti, wamwambie nini?

"Mwambieni apige," binti alisema. "Mwambieni ni dada yake."

Mama alikata roho saa tisa na dakika ishirini. Mjomba alipiga saa kumi na robo. Binti alimwambia yote mawili, lile la kifo kwanza, kisha la dirisha.

"Aliposema nipigiwe simu, ilikuwa saa ngapi?" mjomba aliuliza.

Alifika Alhamisi kwa basi la saa mbili asubuhi. Viatu alivivua mlangoni.