Simu ya Kwanza ni ya Mwanamke

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ijumaa tarehe 28 Juni mhariri mwandamizi wa kipindi chetu cha mjadala wa asubuhi atavua hedifoni kwa mara ya mwisho. Jengo zima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, humwita Mama Simu. Redio hii imewaaga wengi, lakini haijawahi kumuaga mtu aliyeigeuza namna hii!

Alianza akiwa mpokea simu, katika chumba chembamba nyuma ya studio chenye simu mbili za mezani na feni iliyovuma kuliko kupepea. Enzi hizo mwanamke alisikika hewani akituma salamu au akieleza mapishi. Ardhi, mishahara na siasa zilikuwa na wenyewe. Siku alipopandishwa cheo kuwa mtayarishaji, aliweka kanuni moja tu: mada iwe bajeti, iwe mpira, simu ya kwanza kwenda hewani itakuwa ya mwanamke.

Asubuhi ya kwanza mada ilikuwa mirathi. Taa zote za simu ziliwaka, na wapigaji wote walikuwa wanaume. Mama Simu akakataa kuwaunganisha. Hewani kukawa kimya, kosa ambalo redio haimsamehei mtu. Meneja wa vipindi alikuja mbio koridoni, kikombe cha chai kikimwagikia shati, akatoa hukumu: ukimya ule ukijirudia, kanuni inazikwa na mwenye kanuni anarudi kupokea simu.

Kesho yake akina baba walileta ujanja. Waliwapigisha wake zao simu, kisha wakawapokonya. Mmoja alikuwa ameshajikohoza tayari kuhutubia taifa, Mama Simu alipofungua kipaza sauti: “Shemeji, karibu sana, ila wewe umeletwa na dada. Hebu mrudishie simu yake amalize.”

Studio ilivunjika mbavu. Simu ikarudishwa. Dada huyo, fundi cherehani, aliuliza kwa nini kila redio inapotangaza kuwa mwanamke amepigwa, ni lazima itaje alikuwa amevaa nini. “Hizo nguo nazishona mimi,” alisema. “Sijawahi kushona gauni linalompiga mtu.”

Laini hazikupumua hadi adhuhuri! Wiki hiyo hiyo wasikilizaji walijaa kwenye ngazi zetu, fundi akiwa mbele na futi yake shingoni, wakidai mabadiliko. Chumba cha habari kikapitisha mwongozo unaotumika hadi leo: mavazi ya aliyedhulumiwa si habari. Na ule ukimya haukurudi tena.

Mama Simu hakuishia hapo. Mtangazaji wetu wa kike wa michezo alipoporomoshewa matusi mitandaoni na kuambiwa arudi jikoni, wengi tulimshauri apumzike kidogo. Mama Simu alimwongezea dakika ishirini za hewani. Leo mabinti wanaochambua soka katika redio hii ni watatu, na wanabishana wao kwa wao kuliko wanavyobishana na wanaume.

Mwezi uliopita roho zilitupaa. Kikao kilipendekeza kanuni ifutwe, kwa hoja kwamba siku hizi maoni huja kwa ujumbe mfupi na kwamba mwenyewe anaondoka. Mama Simu aliendelea kukoroga chai. Aliyesimama kuitetea ni yule yule meneja wa koridoni, ambaye sasa ndiye mkurugenzi wetu. Alisema shati lile bado analo, doa halijatoka, na binti yake alijifunza kubishana kwa kusikiliza kipindi hiki. Kanuni imebaki!

Mama yetu, ahsante kwa kutufundisha kwamba kumpa mtu nafasi si kumhurumia, ni kumsikiliza kwanza. Pumzika, lea wajukuu, waache walale hadi jua liwake. Tunakutakia maisha mema na marefu.

Ila Jumatatu saa mbili asubuhi usilale wewe. Simu ya kwanza ni yako, na tunajua umeshaandaa malalamiko. Ukichelewa, hatutamuunganisha mwingine: tutakaa kimya hewani, tukikusubiri.