Dhahabo na Mshono Uliovuja

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Wema mpaka Kipini, leo sina bei za ng'ombe. Leo namkumbuka mke wangu. Dhahabo amekufa. Mimi ni Halake yuleyule wa kipindi cha mifugo, shule sikusoma sana, nitasema kama ninavyojua.

Dhahabo alikuwa na mdomo. Nikirudi nyumbani ananiambia, "Baba Jilo, leo umepiga kelele redioni kama beberu aliyeona majani."

Kisha chakula kikaanza kumkwama. Ugali kwanza, halafu hata uji. Kansa ya koo la chakula. Hospitali kubwa, huko mbali, wakakata kipande kibovu, wakavuta tumbo juu, wakaliunga shingoni. Imeenda sawa, wakasema. Vitanda vimejaa, wakasema, rudini hospitali yenu ya Garsen.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Mgonjwa anapelekewa maziwa, na maziwa ya mkono wa mama hayakataliwi. Mama yake, Bi Muslima, akaleta. Dhahabo akanywa. Mara kitambaa cha kidonda shingoni kikalowa. Kililowa maziwa, wasikilizaji. Maziwa!

Bi Muslima akalia, "Nimemuua mwanangu!"

Nesi wetu Nicholas akamwambia, "Hapana, mama. Pale walipounga palishaachia. Maziwa yametuonyesha tu."

Akamkataza kumeza chochote, akamtundikia dripu na dawa. Akaniita pembeni. "Mzee, usaha unashuka kifuani. Anahitaji mpira wa kuutoa, na mrija wa kumlisha tumboni. Hapa hatuna."

"Nikodi teksi, probox?"

"Bila oksijeni hafiki hata hapo Minjila karibu. Ni gari la wagonjwa tu."

Nikawapigia simu wenye gari hilo. Gari halina mafuta. Nikampigia mkubwa wao. Yuko mkutanoni. Nikapiga tena. "Mzee, vumilia."

Dhahabo akanitazama, akanong'ona, "Wewe si mtu wa redio? Mbona hao hawakusikii?"

Nikabonyeza namba ileile. Homa ikapanda. Pumzi ikamwishia. Dhahabo amekufa, na mimi simu iko mkononi.

Bi Muslima, mama yangu, pole. Si wewe. Nasema mbele ya watu wote, si wewe. Wanangu, poleni. Mungu amrehemu mama yenu.

Nanyi mlioshika funguo za hayo magari, nawaomba mkae mfikirie jambo moja. Gari lilikuja. Lilitukuta tunatoka makaburini. Limeoshwa, linang'aa. Dereva akashusha kioo, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"